Vidole Vitatu vya Mpira

Haya niliambiwa na Akoth mwenyewe, mke wa Dalmas Obura, mwaka wa sabini na moja, mvua ya mwezi wa nne iliponifungia jikoni kwake Nakuru. Nilikuwa nimeenda kurudisha ungo tu. Akanipa viazi nimenye, naye akashika vyake, akaanza kuongea. Alipofika kwa yule Mzungu, kisu chake kikawa kinatoa maganda mazito pamoja na nusu ya kiazi. Miaka kumi na saba ilikuwa imepita na hasira bado ilikuwa mbichi.

Mwaka huo wa hamsini na nne walikuwa wakikaa Ziwa Naivasha, upande wa Ndabibi, kwa shamba la Mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Saa, kwa sababu hakuweza kusema maneno matatu bila kuangalia saa yake ya mkono. Dalmas alikuwa fundi wa boti. Kazi alijifunzia Kisumu, kwa meli za ziwa lile kubwa, na Bwana Saa alimtoa huko kwa maneno matamu aje atunze boti yake ya injini, nyeupe, yenye viti vya ngozi. Boti hiyo walipanda Bwana na memsahib na wageni wao. Akoth hakuruhusiwa hata kukanyaga mbao za gati.

Injini ya boti kama ile haina rejeta kama ya lori. Inakunywa ziwa. Chini ya boti kuna tundu, na juu ya tundu kuna koki. Ukifungua koki, pampu inavuta maji, yanapita kwa chujio, yanazunguka tumbo la injini na kulipoza, halafu yanatemwa nyuma pamoja na moshi. Fundi akisikia boti inatema, anajua iko sawa. Kisumu walimfundisha Dalmas kwamba boti hailali mdomo wazi, kwa maana mpira ukipasuka usiku, asubuhi utaikuta chini ya maji. Kwa hivyo kila jioni alifunga koki, na kila asubuhi aliifungua kabla Bwana hajateremka. Bwana alizoea kukuta kila kitu tayari, kama vile alivyokuta chai.

Jumamosi moja Dalmas alipewa ruhusa aende na mke wake Naivasha mjini, kanisani, walale kwa ndugu, warudi Jumatatu. Kabla ya kuondoka alipita jikoni kwa mpishi, Kosgei, ambaye walikula naye ugali wa sahani moja tangu siku ya kwanza.

"Kosgei, kesho Bwana akitaka boti, mwambie afungue koki kwanza. Iko chini ya ubao wa pili, pale nilikuonyesha."

"Nimesikia."

"Usiniambie umesikia. Niambie utamwambia."

"Nitamwambia, fundi. Nenda ukaombe Mungu, mama amechoka kusimama na hiyo mizigo."

Wakaenda.

Jumatatu saa nne walipofika, Bwana Saa alikuwa amesimama kwa gati na mikono kiunoni. Jumapili boti ilitoa moshi katikati ya ziwa, ikazima. Memsahib na wageni wawili walikaa juani saa tatu nzima wakiangaliwa na viboko, mpaka boti ya jirani ikaja kuwavuta.

"Wewe tia kitu ndani ya injini yangu," Bwana akasema.

"Sijatia kitu, Bwana."

"Wewe enda, injini kufa. Leo mimi tazama yote. Petroli iko. Koki iko wazi. Kwa nini kufa?"

Akaangalia saa. Akasema inspekta wa polisi atakuja saa kumi kuvua samaki. Boti ikitembea, vizuri. Isipotembea, Dalmas ataondoka na inspekta kwa gari lake.

Hakuna mtu aliyehitaji kuelezwa zaidi. Ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikikamata watu bila kesi. Mwezi uliopita mtu wa pampu wa shamba la pili alichukuliwa hivyo hivyo, kwa sababu pampu ya maji iliungua, na mpaka siku hiyo mke wake alikuwa akibeba sufuria ya chakula kutoka kituo hadi kituo, kila mahali akiambiwa huyo mtu hayuko hapa.

Bwana alipopanda kwenda nyumbani, Akoth alisema, "Obura, sasa?"

"Sasa nini? Niletee kisanduku changu."

"Mimi sitakiwi hapo kwa gati."

"Basi wanishike kwa hiyo pia."

Akoth akaleta kisanduku, akakanyaga gati kwa mara ya kwanza, akabaki hapo.

Dalmas aliwasha injini. Nyuma ilitoka moshi mtupu, mkavu. "Haitemi," akasema, akazima haraka kabla haijachemka. Akafungua chujio. Lilikuwa na magugu ya ziwa, konzi moja, hayakuweza kuua injini. Akachomoa mpira unaotoka kwa koki, na ziwa likamrukia mpaka magotini, baridi. Akafunga koki kwa matusi ya Kijaluo ambayo Akoth alikataa kunitafsiria.

"Ziwa halina makosa," akasema. "Maji yanafika hapa vizuri. Yanapotelea mbele."

Mbele ilikuwa pampu yenyewe, kitu kidogo kama ngumi, kifuniko chake kimekazwa kwa skrubu sita. Ndani yake kuna gurudumu la mpira lenye vidole sita, na hivyo vidole ndivyo vinasukuma maji vikizunguka. Dalmas alilivuta nje. Vidole vitatu vilikuwa vimekatika. Vitatu vilivyobaki vilikuwa vigumu kama soli ya kiatu kilichoachwa juani, vinang'aa, vinanuka kuungua.

Akaketi kwa sakafu ya boti na lile gurudumu mkononi. Akoth alifikiri ameingiwa na woga. Halafu akaona mishipa ya shingo imemsimama kwa hasira.

"Huu mpira hauungui ukiwa na maji," Dalmas akasema polepole. "Maji ndiyo mafuta yake. Huu umezungushwa mkavu mpaka ukakatika. Koki ilikuwa imefungwa."

"Lakini Bwana aliikuta wazi."

"Leo. Mimi niliifunga Jumamosi na mkono huu. Jana mtu amewasha ikiwa imefungwa, halafu mtu mwingine akaja akaifungua ndiyo isijulikane. Na ubao wa pili, Akoth, mbali na Bwana, mtu niliyemwonyesha ni mmoja."

Alienda jikoni bila kunawa mikono. Akoth alimfuata akikimbia. Nje ya mlango wa jikoni alikuwa Chelagat, mke wa Kosgei, amekaa kwa kigoda akisafisha vibuyu vyake vya maziwa. Ndani, Kosgei alikuwa akikata karoti. Dalmas akaweka lile gurudumu juu ya karoti.

"Ulimwambia?"

Kosgei aliangalia ule mpira. "Nilimpelekea kahawa, na..."

"Sijauliza kahawa."

"Alikuwa anasoma gazeti. Unajua sheria ya hii nyumba. Kama mimi hapana uliza, wewe hapana sema. Siku ile nilimwambia maziwa yameharibika, si alinimwagia hapa kifuani, yakiwa moto? Nilisimama na trei. Nikangoja aniulize. Hakuuliza. Nikatoka."

"Ukatoka. Halafu ukaenda kufungua koki."

Kosgei akasogeza kisu kando. Mafuta yalikuwa yakilia kwa kikaango.

"Jioni," akasema mwishowe. "Walipoirudisha. Nilijua wakiikuta imefungwa watatafuta nani aliambiwa."

"Kwa hivyo ukaona heri nifungwe mimi."

"Sikukuona wewe, Obura. Niliona trei tu."

Dalmas akamshika kwa kola ya ile kanzu nyeupe, na alama za grisi zikabaki hapo kama muhuri. Akoth aliniambia, "Wewe unafikiri nilimzuia? Mimi nilikuwa nimeshachukua upawa." Mwanamume amekula kwao miaka miwili, amekula omena, wale dagaa Akoth alitumiwa na mama yake kutoka Seme, halafu siku ya shida anamuuza mumewe kwa Mzungu kwa kunyamaza. Alitaka kumpiga nao mpaka upinde.

Chelagat hakusimama. Aliendelea kusugua kibuyu chake. "Piganeni," akasema. "Saa ni ngapi hapo ndani?"

Akoth akaangalia saa ya ukutani. "Saa sita na nusu."

"Fundi, ukimuua huyu saa hii utakuwa na kesi mbili, na boti bado imelala. Muache. Mimi nitamuua jioni, ni wangu."

Dalmas akamwachilia. Kwa mlango akageuka. "Karoti zako zimenuka grisi, zioshe. Bwana asije akauliza."

Katika mkebe wa biskuti uliokuja na boti kulikuwa na gurudumu jingine jipya, bado limefungwa kwa karatasi. Chelagat aliwaletea sabuni ya kulainisha, na badala ya kurudi akabaki amesimama kwa gati, mtu wa pili asiyetakiwa hapo. Dalmas alipaka sabuni, akakunja vidole vyote upande mmoja, akasukuma gurudumu likaingia, akakaza skrubu sita, akafungua koki na kuwasha.

Ilitema. Lakini ilitema kidogo kidogo, kama mtoto anayekataa uji. Dalmas akaweka kiganja juu ya injini, akahesabu kimya, kisha akakitoa haraka. Rangi ilianza kunuka. Akazima. Ilikuwa saa nane.

"Chujio safi, koki wazi, pampu mpya," akasema, na akatupa spana chini ikaruka mara mbili. "Inataka nini sasa? Mbuzi?"

Akoth alikuwa bado ameshika lile gurudumu la zamani. Alikuwa akiligeuza, na kidole gumba kikipita pale palipokatika. "Obura. Hii ilikuwa na vidole sita."

"Najua."

"Vitatu viko wapi?"

Dalmas akafungua mdomo kumjibu vibaya, kisha akaliangalia lile gurudumu. Mpira si mshumaa. Hauyeyuki ukaisha. Ukikatika unaenda mahali, na mahali pa kwenda ni kule maji yanakoenda.

"Kibuyu kikitoa maziwa kwa shida," Chelagat akasema kutoka juu, "huangalii mdomo. Unaangalia shingo. Ngozi ya maziwa inajificha shingoni." Akaondoka. Aliporudi alikuwa na sosiot yake, ule ufito wa mkindu ambao ncha yake imepondwa ikawa nyuzi, wa kusugulia vibuyu.

"Unataka nisugue boti ya Mzungu na kijiti cha mursik, cha maziwa lala?"

"Una kingine?"

Hakuwa nacho. Waya ingetoboa shaba, na ufito wa mti haungekunja kona. Akafungua ile kona ya bomba iliyo baada ya pampu, akaanza kusukuma kwa nguvu.

"Fundi, unakisukuma ndani zaidi," Chelagat akasema. "Hasira haioshi kibuyu. Geuka, ingia kutoka ng'ambo, na uzungushe."

"Mama, unanifundisha injini?"

"Nakufundisha shingo."

Dalmas akageuza. Akazungusha ufito kwa vidole viwili, kidogo kidogo, na alipouvuta, kidole cha kwanza cha mpira kikatoka kimenaswa na zile nyuzi. Cha pili kilitoka karibu yake. Cha tatu hakikuwapo.

Kilikuwa kwa lile bomba refu la shaba linaloenda kwa tumbo la injini, bomba lenye kona mbili. Dalmas akalifungua lote likatoka. Sosiot ilipita kona ya kwanza, ikagoma kwa ya pili. Akaligonga kwa mbao, akalitikisa, akaliangalia kwa jua. Saa tisa na robo.

"Narudisha hivi hivi," akasema. "Kimoja hakidhuru."

"Hicho kimoja ndicho kitakupeleka," Akoth akasema. "Rudisha nione."

Walikuwa wakiangaliana hivyo, mtu na mke wake, wote wawili wakitaka kupiga mtu, wakati mbao za gati zililia. Alikuwa Kosgei. Alikuwa amevua kanzu.

"Toka hapa," Dalmas akasema.

"Nipe hilo bomba."

"Nimesema toka."

"Kila asubuhi saa kumi na moja nawasha jiko la Mzungu na kuni mbichi, na sina mvukuto, nina mdomo. Nani hapa ana mapafu kunishinda?"

Dalmas hakumpa. Akoth ndiye alimnyang'anya mumewe lile bomba akalisukuma kifuani mwa Kosgei, na hakulisukuma taratibu. Kosgei akafuta mwisho wake kwa shati, akaweka mdomoni, akapuliza. Mashavu yakajaa, macho yakawa mekundu. Hakuna kitu. Akapuliza tena mpaka akakohoa.

"Puliza kama vile ulinyamaza," Chelagat akasema.

Mara ya tatu kitu kiliruka kikagonga ubavu wa boti, tok, kikaanguka miguuni mwa Akoth. Kidole cha tatu. Dalmas akakiokota, akakiweka na vile viwili kwa mfuko wa shati. Hakusema asante, na Kosgei hakungoja kuambiwa. Alirudi kupika chai ya saa kumi.

Skrubu ya mwisho ilikazwa vumbi la gari la inspekta likiwa tayari linaonekana kwa barabara.

Bwana Saa aliteremka na mgeni wake, na nyuma yao Kosgei na trei ya chai. Dalmas aliwasha bila kuambiwa. Boti ikatema maji, donge baada ya donge, na moshi mweupe mwepesi. Bwana alisimama akiangalia saa yake dakika kumi kamili, na watu wote wakasimama naye. Inspekta ndiye aliyeinama akaweka kiganja juu ya injini, akakiacha hapo.

"Baridi," akasema. Alijua Kiswahili vizuri kumshinda Bwana. "Ilikuwa na nini?"

Dalmas akatoa lile gurudumu lililoungua akaliweka juu ya kiti cha ngozi, pamoja na grisi yake, na kando yake akapanga vidole vitatu, kimoja kimoja.

"Iliwashwa bila maji. Koki ilikuwa imefungwa."

"Nani kufunga koki?" Bwana akauliza.

"Mimi, Bwana. Jumamosi jioni, kama kila jioni."

"Ah. Inspekta, wewe sikia?"

"Na kuifungua," Dalmas akasema, "ni kazi ya yule anayewasha."

Bwana akawa mwekundu mpaka masikioni. "Hakuna mtu ambia mimi."

Hapo Akoth aliacha viazi kabisa akaniangalia. Alisema alijua kilichokuwa kwa ulimi wa mumewe. Ni jina moja tu. Angelitaja, na hasira yote ya siku hiyo ingehamia nyumba ya pili, na inspekta angekuwa na mtu wa kubeba. Alimwona akivuta pumzi. Kisha akamwona akifunga mdomo, na taya likakaza. Mpaka leo, Akoth alisema, hajui kama ulikuwa wema au kama ni hasira iliyomkaba.

Kosgei akaweka trei chini, juu ya mbao zenye tope. Kitu ambacho mpishi hafanyi.

"Mimi niliambiwa, Bwana. Fundi alinituma nikwambie koki. Lakini ulisema, kama mimi hapana uliza, wewe hapana sema. Jumapili nilisimama na kahawa. Hukuuliza."

Boti iliendelea kutema. Halafu inspekta akacheka. Alicheka mpaka akashika kofia yake, akasema kitu kwa Kiingereza, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, Bwana Saa alisahau kuangalia saa. Inspekta akapanda boti na fimbo yake ya samaki. Hakuwa na kesi na fundi ambaye injini yake ni baridi.

Walirudi jua likishuka, na samaki wanne. Bwana hakusema pole. Hakusema asante. Alingoja gari la mgeni lipotee, akasema Dalmas na Kosgei na wake zao wawe wametoka shambani kesho kabla ya saa sita, na barua ya kazi hapana. Saa kumi na mbili Dalmas aliingia kwa boti, akainua ubao wa pili, akafunga koki. Kisha akapanda mpaka verandani, Bwana akiwa na gazeti lake.

"Sijaulizwa," akasema, "lakini nakwambia. Koki nimefunga. Kesho kuna atakayewasha, na si mimi."

Akashuka kabla hajajibiwa.

Asubuhi kulikuwa na lori la Elburgon lililoleta mbao za kutengeneza gati. Lilikuwa linarudi tupu, dereva akawachukua wote wanne nyuma na vibuyu na vitanda. Dalmas alikaa kona moja, Kosgei kona nyingine, migongo imeelekeana. Lori likafika Gilgil.

"Nakuru kwa reli," Kosgei akauliza upepo, "wanaandika watu?"

"Wanaandika watu wanaosema," Dalmas akamjibu.

Chelagat akafungua kibuyu. Alimpa Akoth kwanza, akanywa. Akoth akampa mumewe, akakataa, akampa tena, akanywa. Akafuta mdomo, akabaki amekishika muda mrefu, halafu akakinyoosha nyuma ya mgongo wake bila kugeuza kichwa, mpaka Kosgei akakipokea.

Kosgei ndiye alilala kwanza, mdomo wazi, mashavu yamemvimba. Chelagat akalala ameegemea vibuyu. Lori lilipoanza mteremko wa Kikopey, Dalmas naye kichwa kikaanguka, mkono ukiwa umefunika mfuko wa shati, pale kwenye vidole vitatu.

"Mimi nilikataa kulala," Akoth aliniambia. "Nilikuwa na hasira ya watu wote watatu na ya Bwana juu yake, na nilitaka kuifikisha Nakuru nzima, isipungue. Nikakaza macho. Ziwa la Elementaita likatokea chini, jeupe, jua likanipiga usoni."

Nikamuuliza, na Nakuru mliingia saa ngapi?

"Nitajuaje, na nilikuwa nimelala?"